Mama hatulii mpaka ashike uzi: likizo yetu ya bwawani Mnero

Wiki hii tuweke pembeni mambo ya mapenzi na kasheshe za mjini, tuongee habari ya likizo. Usicheke. Najua wengi wetu tukisikia neno hilo tunawaza watoto wa shule, au bosi mwenye kiyoyozi ofisini.

Jaribu siku moja kufika kijijini kwenu, mwezi ambao hakuna msiba wala harusi, begi mgongoni, uwaambie watu umekuja kupumzika. Wa kwanza atauliza, "Kuna nini, mbona ghafla?" Wa pili atataka kujua kama umefukuzwa kazi. Wa tatu, na huyu mara nyingi ni shangazi, atakutazama tumbo. Kupumzika si sababu bwana. Kwetu mtu anapumzika kwa mambo matatu: ugonjwa, uzee na kifo. Hata marehemu tunamwambia apumzike kwa amani, utadhani ndiyo ofa ya kwanza aliyowahi kupewa.

Mimi kwetu ni Mnero, mkoa wa Lindi, wilaya ya Nachingwea, upande wa kuelekea Ruangwa. Ni nchi ya Wamwera, nchi ya korosho, ufuta, mihogo na maembe. Kata yetu moja inaitwa Mnero Miembeni, nyingine Mnero Ngongo. Na ukiitazama historia ya sehemu zile utaona kitu kimoja: kila mgeni aliyekuja alikuja na kazi. Wamisionari walikuja wakajenga kanisa na hospitali. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukaingia Nachingwea na matrekta, ikajengwa na reli kutoka Mtwara. 1951 mradi ukafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Wakaja wapigania uhuru wa FRELIMO, wakaweka kambi yao ya mafunzo, mpaka Msumbiji ikapata uhuru wake 1975. Kuanzia miaka ya 1970 wakaja Wafini na miradi ya maji ya Mtwara na Lindi, wakachimba visima na kufunga pampu za mkono. Wote hao jasho tupu. Hakuna hata mmoja aliyekuja Nachingwea kukaa na kunyoosha miguu.

Hao Wafini ndio walioileta habari hii ya leo ndani ya ukoo wetu. Marehemu babu alifanya kibarua kwenye mradi wa maji. Mzungu mmoja alimwambia kwamba kwao kila kiangazi anakwenda na familia yake kwenye kibanda cha mbao kando ya ziwa. Hakuna umeme, maji wanachota, kuni wanapasua wenyewe. Yeye anavua samaki, mkewe anakaa nje anafuma masweta. Babu alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akaja kusimulia nyumbani: "Huyu mtu anasafiri kwenda kuishi kama mimi, halafu anaita likizo!"

Mpaka leo tukikutana kwenye ukoo watu wanaicheka hiyo. Lakini Mzungu hakuwa anatia chumvi. Finland ni nchi ya watu kama milioni 5 na nusu, ina maziwa zaidi ya 180,000, na vibanda vya namna hiyo vinazidi 500,000. Kwao si jambo la matajiri peke yao. Fundi anacho, mwalimu anacho.

Sasa nije kwa mama yangu. Mama ni mama lishe, yuko Mbagala miaka 18 sasa. Saa kumi alfajiri moto umewaka, saa kumi na mbili chai na maandazi tayari, saa sita wali maharage, jioni anaosha masufuria, usiku anachambua mchele wa kesho. Ijumaa ni siku ya rejesho la kikoba, na hapo katikati kuna ule mkopo mwingine ambao mjini tunauita kausha damu. Jina lenyewe linajieleza.

Mwaka jana akaanza kusikia kichwa kinagonga na macho yanaingiwa na vumbi ambalo halipo. Kupimwa, presha 170 kwa 105. Na mnajua, ikifika 140 kwa 90 tayari ni ya juu. Akaandikiwa vidonge vya kila siku, akaambiwa apunguze chumvi, halafu daktari akamalizia kwa neno jepesi kweli kweli mdomoni: "Na upumzike, mama."

Mama akatoka pale ameshika karatasi. Njiani akaniuliza, "Kupumzika ndo nifanyeje?"

Msomaji, hilo swali halikuwa la utani. Mama ana miaka 51. Vidonge alijua kumeza, chumvi alijua kupunguza, ila hilo la tatu hakuna aliyewahi kumfundisha.

Ndipo kaka yangu akakumbuka hadithi ya babu. Akasema, jamani, sisi ziwa hatuna, lakini bwawa tunalo. Na kibanda tunacho!

Ni kweli. Bondeni kwenye shamba la mpunga la Bibi kuna bwawa, si kubwa, ukirusha jiwe kwa nguvu linavuka. Lina perege na kambale, na asubuhi yungiyungi wanafumbua maua juu ya maji. Pembeni kuna kibanda cha fito na udongo, paa la nyasi. Kazi yake ni kulinda mpunga, mchana wanafukuza ndege na ngedere, usiku nguruwe. Mwezi wa sita mpunga umeshavunwa, ndege hawana kazi, na kibanda hakina kazi. Shule zimefunga. Ufuta umeshatoka shambani, minada imeanza. Korosho zenyewe mpaka mwezi wa kumi. Kama kuna wiki ya kukaa, ni hapo.

Mama akakubali kwa shingo upande, tena kwa sharti kwamba mdogo wake amshikie biashara. Tukapanda basi Mbagala: mimi, mama, kaka, wifi na watoto wao wawili. Siku hizi safari ya Kusini ni kitu kingine. Wakubwa wanasimulia walivyolala Rufiji wakisubiri kivuko, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003. Hata sasa mvua ikiamua inatukumbusha sisi ni nani, kama Mei 2024 barabara ilipokatika pale Somanga na watu wa Lindi na Mtwara tukawa kisiwa. Safari hii tulipita salama, usiku tukawa Mnero. Kesho yake asubuhi, shikamoo zimeisha, tukashuka bondeni na vyandarua, sufuria na mkeka. Bibi na mjomba wakaja nasi.

Siku ya kwanza nilimhesabia mama. Alifagia uwanja wa kibanda, majani ambayo hayamkeri mtu. Akaenda kuni. Akarudi akamenya mihogo. Akafua nguo za watoto wa kaka, mama yao yupo. Akateka maji. Jioni akapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, apige Mbagala kuuliza maharage yameuzwa ngapi. Wakati huo mjomba na kaka walikuwa wamelala chali chini ya mwembe, wamechoka kwa kucheza bao. Hakuna aliyewauliza wamekaa kwa nini. Mwanaume akikaa, amekaa.

Siku ya pili hivyo hivyo. Kila akiweka makalio chini, sauti inatoka. "Mama, mwiko uko wapi?" "Dada, hebu nitupie kiberiti." "Bibi, nimejikwaa." Bibi mzaa mama naye, aliyekaa pembeni anasuka ukili, anasema, "Inuka uangalie moto huo." Nikawaza, hapa tutamrudisha Dar presha imefika 200.

Siku ya tatu akaja mama mdogo kutoka juu kijijini kutusalimia. Alikuwa na kikapu, ndani yake mabunda ya uzi mweupe na sindano mbili za kufumia, zile zenye kichwa kama ndoana. Yeye na mama walifundishwa kufuma na masista wakiwa wasichana. Unazijua kazi zenyewe: vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunika redio. Na kofia na soksi za mtoto mchanga, ambazo wengine walikuwa wanafuma kwa spoki za baiskeli zilizochongwa ncha, maana sindano za dukani zilikuwa ghali.

"Unakumbuka ua la nanasi?" mama mdogo akauliza.

"Hebu nione," mama akasema. Akakaa.

Akakaa kweli. Mgongo kwenye ukuta wa kibanda, miguu imenyooshwa kuelekea majini, uzi umezungushwa kidole cha shahada. Unaanza na mnyororo mdogo, unaufunga uwe duara, halafu unazunguka, tundu kwa tundu. Nanasi linaanza pana linapungua juu, kwa hiyo kila mzunguko una hesabu yake. Ukikosea tundu moja linapinda, inabidi ufumue urudi. Niliwatazama wanavyochezesha midomo: sita, saba, nane, ruka moja. Nikajua kwa nini mtu akifuma anatulia. Huwezi kuhesabu matundu na kuhesabu madeni kwa wakati mmoja. Kichwa kina nafasi ya hesabu moja tu.

Saa moja ikapita. Mbili. Mama mdogo anasema neno, mama anaitikia "mhm". Upepo wa mwezi wa sita unapita juu ya bwawa, una kibaridi kidogo. Mimi sijawahi kumwona mama yangu akiwa na uso ule.

Ndipo mjomba na kaka wakatokea na samaki. Kambale wawili na perege wa kutosha, wanajisifu kama wametoka baharini. Mjomba akaita, "Dada! Njoo uwatengeneze hawa, njaa inauma."

Mama akaanza kujiinua. Na Bibi, yule yule wa "inuka uangalie moto", bila hata kunyanyua macho kwenye ukili wake akasema:

"We, mwache dada yako. Anahesabu."

Mjomba akasimama pale na samaki mkononi. Akamtazama Bibi, akamtazama mama, akatazama uzi. Halafu, nawaambieni ukweli, akaenda kukaa kando ya maji akawapara mwenyewe! Kaka akawasha moto. Samaki waliiva, upande mmoja wameungua, tukala tumenyamaza kwa utamu.

Usiku kaka akaniambia, "Umeona? Uzi umemtibu mama. Tukirudi Dar nitamnunulia mabunda kumi." Nilikuwa karibu kukubali. Lakini siku mbili zilizofuata niliona jambo jingine.

Siku ya tano jioni kitambaa kilikwisha. Kizuri ajabu, mananasi sita yamezunguka duara, weupe kama yungiyungi za pale. Uzi nao umekwisha. Mama akakikunja, akakiweka pajani, akabaki anatazama maji mikono mitupu. Mimi nilikuwa nachambua mchicha, naona kila kitu. Haijapita hata robo saa, mjomba: "Dada, kwa kuwa umekaa tu, hebu…" Mtoto: "Bibi, nataka uji." Bibi mwenyewe: "Kama huna kazi, njoo unishikie huu ukili."

Mama akaenda kote huko. Aliporudi akakaa, akakichukua kile kitambaa, akatafuta mwisho wa uzi, akavuta. Kikaanza kufumuka. Nanasi la kwanza likapotea, la pili likapotea.

Nikaacha mchicha. "Mama! Mbona unafumua? Kimependeza hicho!"

Akaendelea kuvuta, anaviringisha uzi taratibu, wala hakukasirika. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kikiisha nitaitwa."

Msomaji wangu, hapo ndipo nilipoelewa. Uzi haukuwa dawa, ulikuwa ruhusa. Mwanamke wa kwetu haruhusiwi kukaa, anaruhusiwa kukaa akifanya kitu. Mikono ikiwa na kazi anaheshimika, mikono ikiwa mitupu ni mali ya yeyote mwenye shida. Nikamtazama Bibi na ukili wake wa ukindu. Ana miaka zaidi ya 80, mikeka aliyoisuka imejaa nyumba, hakuna anayemdai mkeka. Nikajiuliza anasuka kwa sababu anapenda, au kwa sababu siku atakayoacha atatumwa? Na mimi je? Mimi wa kizazi cha simu, nikiishika wananiita vile vile. Simu bado haijafikia heshima ya uzi.

Usiku ule nikamweleza kaka, wifi yupo anasikiliza. Kaka akanyamaza muda mrefu, akachokonoa moto kwa kijiti. Wifi ndiye aliyesema, "Sasa mimi nitaanza kufuma lini?" Tukacheka, ila kaka hakucheka sana.

Asubuhi ya mwisho kaka akaamka kabla ya wote, akasonga ugali wa muhogo. Ulikuwa na madonge, tena umeshika chini. Akamwambia mama, "Leo usifume, usifanye kitu. Kaa tu. Anayekuita aje kwangu." Mjomba akasema hayo ni mambo ya Dar. Bibi akaguna, "Mwanamke kukaa mikono mitupu mchana kweupe, wapita njia watasema nini?" Kaka akamjibu kwa adabu, "Bibi, waambie anapumzika. Daktari kaandika."

Sitawadanganya kwamba mama alistarehe. Nusu saa ya kwanza vidole vilikuwa vinachezacheza juu ya goti vinatafuta sindano. Mara mbili alitaka kuinuka, kaka akamwonyesha kidole. Halafu taratibu mikono ikalala. Akatazama maji. Baadaye sana akasema, "Kumbe kuna ndege wa buluu hapa," na ndege yule alikuwepo wiki nzima, anadumbukia majini anatoka na kisamaki mbele ya macho yetu wote.

Tulivyopanda kijijini tukampitisha hospitali akapimwe. 150 kwa 95. Bado iko juu, msije mkasema nimeandika kwamba bwawa linatibu presha au uzi unatibu presha. Vidonge alikuwa anameza kila siku, na mpaka leo anameza. Madeni nayo yalimsubiri Mbagala, hayakwenda likizo. Lakini 170 na 150 si sawa, hata mimi niliyeishia kidato cha nne hesabu hiyo naiweza.

Basi ndugu msomaji, kama una bibi kijijini, una bonde, una kibanda cha kulindia mpunga, unacho ambacho Mfini anakisubiri mwaka mzima. Huhitaji hoteli. Chagua mwezi ambao shamba limelala. Beba chandarua, maana mbu hawajui kama uko likizo. Mwenye dawa za kila siku ahesabu za kutosha siku zote pamoja na mbili za akiba, basi linaweza kuchelewa. Na zamu za kupika mpange kabla hamjapanda basi, wanaume wakiwemo, mkifika mmeshachelewa. La sivyo mtakuwa mmehamisha jiko la mama kutoka mjini kwenda bondeni, mkaliita mapumziko.

Mpelekee na uzi, kufuma ni raha na mama anapenda. Ila mtazame uzi ukiisha. Akitafuta pa kuanza kufumua, mwambie wewe, wala usimsubiri daktari: "Mama, kaa. Nimekwenda mimi."

Kwetu tumeshapanga, Juni ijayo tunarudi. Wifi ameomba siku mbili zake, na mjomba ameulizwa kama atapara samaki tena. Hajajibu, lakini hajakataa.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.